MAISHA YA WATU WENYE SIFA: WALTHER NERNST, MTU WA TAA NA WA MOTOKARI



Katika gazeti letu tunazoea kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeacha alama duniani. Mara hii tumechagua mtu ambaye jina lake halisikiki sana hapa Bunia, lakini kazi yake inapita mbele yetu kila siku barabarani. Iko ndani ya bomba la moshi la taksi zinazopanda Mudzipela, na ndani ya motokari nyingi za esansi zinazotufikia kuukuu kutoka Ulaya na Japani. Mtu huyu ni Walther Nernst, Mjerumani, aliyekufa mwaka wa 1941.

Wenzetu wa kalasi za mwisho wanamjua kwa kanuni ngumu ya kemia. Mafundi wa garaji nao wanajua chombo kinachoitwa sondi lambda. Lakini ni wachache wanaojua kwamba ile kanuni na ile sondi ni jambo moja. Ndiyo maana watu wengi wanatupa sondi nzima na kununua nyingine, na ugonjwa wa motokari unabaki palepale. Feza ya karo ya watoto inaishia humo. Basi tusikilize kwanza maisha ya mtu huyu, kisha tutaona namna anavyoweza kutusaidia.

UTOTO NA MASOMO

Walther Nernst alizaliwa tarehe 25 ya mwezi wa sita, mwaka wa 1864, katika mji mdogo wa Briesen, jimbo la Prusia ya Magharibi. Leo mji ule uko katika nchi ya Poland na unaitwa Wąbrzeźno. Baba yake alikuwa hakimu. Alisoma shule ya sekondari huko Graudenz, na inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alitamani kuwa mshairi. Lakini mwalimu wake mmoja alimwonjesha utamu wa sayansi, naye akaanza kufanya majaribio nyumbani kwao.

Tangu mwaka wa 1883 alizunguka katika vyuo vikuu vingi, sawa desturi ya wanafunzi wa Kijerumani wakati ule: Zürich, Berlin, Graz na Würzburg. Huko Graz, nchini Austria, alikuta Ludwig Boltzmann, mtu mkubwa wa fizikia, akatumika katika laboratori yake pamoja na Albert von Ettingshausen. Huko Würzburg alipata udaktari mwaka wa 1887. Mwaka ule ule Wilhelm Ostwald alimwita Leipzig awe msaidizi wake. Hapo ndipo kijana Nernst alifanya kazi iliyomtia katika vitabu vyote vya kemia.

KANUNI YA MWAKA WA 1889

Tangu mwaka wa 1800, wakati Volta alipotengeneza pili ya kwanza, watu walijua ya kwamba metali mbili ndani ya maji ya chumvi zinatoa umeme. Lakini hapana mtu aliyeweza kueleza vizuri nguvu ya umeme ule inatoka wapi, na kuihesabu kutokana na wingi wa kitu kilichoyeyuka ndani ya maji. Mwaka wa 1889 Nernst, akiwa na miaka 25 tu, alionyesha njia ya kuihesabu.

Tuseme kuna vyumba viwili vya kalasi, na mlango mdogo katikati. Chumba kimoja kina wanafunzi 100, cha pili kina 5. Mlango ukifunguka, wengi watasukumana kutoka kule kwenye wengi kwenda kwenye wachache. Ni vile vile kwa vipande vidogo vyenye umeme ambavyo tunaviita ioni. Vikiwa vingi upande mmoja wa ukuta na vichache upande wa pili, na ukuta unaviruhusu vipite, basi vinasukuma. Msukumo ule tunaupima kwa volti. Lakini tuangalie neno moja: haihesabiwi ni ngapi zimezidi, inahesabiwa upande mmoja unapita mwingine mara ngapi. Neno hili mtalikuta tena mbele.

TAA ILIYOTAKA KUPASHWA MOTO KWANZA

Mwaka wa 1890 Nernst alikwenda Göttingen, na mwaka wa 1892 alioa Emma Lohmeyer, binti wa daktari mpasuaji wa mji ule. Walizaa watoto watano, wavulana wawili na wasichana watatu. Mwaka wa 1893 alitoa kitabu kikubwa cha kemia, na mwaka wa 1895 alianzisha nyumba mpya ya kazi yake ya kemia ya fizikia.

Wakati ule taa za umeme zilikuwa na uzi wa kaboni. Zilikula umeme mwingi na kutoa mwanga wa manjano. Mwaka wa 1897 Nernst alitengeneza taa ya namna nyingine. Pahali pa uzi alitia kijiti cheupe cha udongo wa kuchomwa, kilichotengenezwa kwa oksidi ya metali inayoitwa zirkoni, pamoja na kiasi kidogo cha oksidi ya itria. Kijiti kile kikiwa baridi hakipitishi umeme hata kidogo. Kikipashwa moto, kinaanza kuupitisha, kinawaka, na mwanga wake ni mweupe kuliko ule wa kaboni. Tena hakikuhitaji chupa isiyo na hewa. Ubaya wake ulikuwa ni kungoja: mtu alipashwa kuipasha moto kwanza, ndipo iwake.

Nernst aliuza haki ya taa ile kwa kampuni ya AEG kwa mark milioni moja, feza nyingi sana siku zile. Taa zake ziliangaza katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka wa 1900. Lakini baada ya miaka michache taa za uzi wa metali zilikuja, nazo zikawaka papo hapo. Taa ya Nernst ikasahauliwa. Watu walifikiri kijiti kile cha zirkoni kimekwisha kazi. Kumbe kilikuwa bado.

MPENDA MOTOKARI

Kwa feza yake Nernst alinunua motokari, wakati motokari ilikuwa bado ajabu Göttingen. Alizipenda sana katika maisha yake yote. Inasimuliwa kwamba aliona injini yake inachoka kwenye milima, akatia ndani ya motokari chupa ya gesi yenye oksijeni nyingi, ile ambayo madaktari wanaitumia kwa kulaza wagonjwa. Alipofika mlimani aliifungua, na injini ikapata nguvu. Yeyote aliyepanda kutoka Kasenyi kuja Bogoro ndani ya motokari yenye mzigo anaelewa juu ya nini alitamani kitu kama kile. Nernst alijua kwamba moto wa injini ni mapatano kati ya esansi na oksijeni. Kimoja kikizidi, kuna hasara.

BERLIN, VITA NA ZAWADI YA NOBEL

Mwaka wa 1905 aliitwa Berlin kuwa profesa. Mwezi wa 12 wa mwaka ule alisoma mbele ya wataalamu wa Göttingen kazi yake kubwa kuliko zote, ile inayohusu joto karibu na baridi ya mwisho kabisa, digri 273 chini ya sifuri. Leo vitabu vinaiita sheria ya tatu ya termodinamiki. Mwaka wa 1911 alikuwa ndiye msukumaji mkubwa wa mkutano wa Brussels, ambao tajiri wa Kibelgiji Ernest Solvay aliulipia, ambamo Planck, Einstein, Marie Curie na wengine walikaa pamoja. Mwaka wa 1913 yeye na Max Planck walisafiri mpaka Zürich kumwomba Einstein ahamie Berlin, naye akakubali.

Kisha ikaja vita ya mwaka wa 1914. Nernst alikuwa na miaka 50. Alijitoa mwenyewe na motokari yake, akawa dereva wa kupeleka barua za jeshi kwenye uwanja wa vita. Alitia pia sahihi yake chini ya tangazo la wataalamu 93 wa Kijerumani waliotetea matendo ya jeshi lao, na alitumika katika kutengeneza silaha, hata mizinga yenye dawa za kuwasha macho na pua. Hatupendi kuficha hayo. Akili yake ilikuwa kubwa, lakini siku zile aliitoa kwa kazi ya kuua. Vita nayo haikumsamehe. Mtoto wake Rudolf aliuawa mwaka wa 1914, na Gustav mwaka wa 1917. Wavulana wake wote wawili walikwisha. Sisi watu wa Ituri hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Zawadi ya Nobel ya kemia ya mwaka wa 1920 alipewa yeye, kwa kazi yake juu ya joto. Kati ya mwaka wa 1922 na 1924 aliongoza nyumba ya serikali ya vipimo huko Berlin, kisha akarudi chuo kikuu.

MIAKA YA MWISHO

Mwaka wa 1933 Hitler alipotawala, Nernst aliacha kazi. Wawili kati ya binti zake walikuwa wameolewa na Wayahudi, na jamaa hizo zililazimika kukimbia nchi. Yeye hakupenda Wanazi na hakuwaficha mawazo yake. Alijiondoa, akakaa katika shamba lake la Zibelle. Huko alifuga samaki katika madimbwi. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alikuwa na ng'ombe, lakini siku moja alisikia joto la zizi, akaona ya kwamba majani anayowalisha yanageuka joto linalopotea hewani. Akawauza. Samaki, alifikiri, mwili wake una joto sawa na maji, hapotezi chakula kwa kupasha dunia moto. Ni hivi alivyokuwa: hata katika zizi alihesabu.

Alikufa pale Zibelle tarehe 18 ya mwezi wa 11, mwaka wa 1941, katikati ya vita nyingine. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Göttingen, na kaburi lake liko huko mpaka leo.

KIJITI KINAFUFUKA

Mwaka wa 1943, miaka miwili baada ya kifo chake, Mjerumani mwingine, Carl Wagner, alieleza siri ya kijiti cha taa ya Nernst. Kikiwa moto, kinachopita ndani yake ni ioni za oksijeni. Ni kusema, udongo ule wa zirkoni ni ukuta unaoruhusu oksijeni peke yake ipite.

Sasa tuunganishe. Tukichukua ukuta wa namna hii, tukaweka hewa ya nje upande mmoja na moshi wa injini upande wa pili, tunapata vyumba vyetu viwili vya kalasi. Oksijeni itasukuma kutoka penye nyingi kwenda penye kidogo, na kanuni ya mwaka wa 1889 itatuambia volti ngapi. Kampuni ya Bosch ilifanya hivyo, na mwaka wa 1976 sondi lambda ya kwanza iliwekwa katika motokari za Volvo zilizouzwa Marekani. Kichwa cha sondi ni kile kile kijiti cha taa, zirkoni na itria, na umeme wake ni ile ile kanuni ya Leipzig. Kazi mbili za mtu mmoja zilikutana ndani ya bomba la moshi, yeye akiwa kaburini miaka 35.

Wenzetu wa kalasi ya sita wanaweza kuhesabu. Chukueni joto la digri 600, ndiyo 873 za Kelvin. Fanyeni 8,314 mara 873, gawanyeni kwa 4 mara 96 485: mnapata karibu 0,0188. Zidisheni na logaritimu ya asili ya oksijeni ya hewa gawanya kwa oksijeni ya moshi. Hewa ina asilimia 21. Kama moshi una asilimia 1, jibu ni karibu volti 0,06. Lakini kama esansi imezidi, oksijeni katika moshi inakuwa karibu hakuna, na jibu linapanda kupita volti 0,8. Ndivyo kompyuta ya motokari inavyojua: volti kidogo, esansi ni chache, volti karibu 0,9, esansi imezidi. Inapunguza au inaongeza, bila kuchoka.

Bunia iko juu, zaidi ya metri 1200, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Je, sondi inadanganyika? Hapana. Hewa nyepesi inapunguza oksijeni ya pande zote mbili kwa kiasi kimoja, na tulisema kwamba kinachohesabiwa ni mara ngapi.

NAMNA YA KUPIMA KABLA YA KUTUPA

Dalili zinajulikana: esansi inakwisha mbio, moshi mweusi, buji zimejaa masizi, taa ya injini inawaka. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kisanduku chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi na kuwasha kontakti bila kuwasha injini, taa inakonyeza namba. Namba 21 inahusu sondi. Lakini namba inaonyesha njia yake tu. Haisemi kama ni sondi yenyewe, waya, au kitu kingine. Hapo wengi wanakimbilia kununua.

Tufanye sawa Nernst, tupime. Motokari ikae nje, si ndani ya nyumba, sababu moshi unaua. Tazameni kwanza waya na viunganisho, kama vimekatika au vimeungua, na bomba la moshi kama limetoboka mbele ya sondi. Tundu linaingiza hewa, na sondi inasema esansi ni chache wakati si kweli.

Kumbukeni kwamba taa ya Nernst haikuwaka ikiwa baridi. Sondi nayo ni vile vile: chini ya digri 300 hivi haisemi kitu. Sondi ya waya 1 au 2 inangojea joto la moshi. Ile ya waya 3 au 4 ina kipasha moto chake, na waya zake mbili mara nyingi zina rangi moja. Zima kontakti, chomoa kiunganisho, pima waya hizo mbili kwa omu. Mara nyingi utapata omu chache tu. Kama multimetri inaonyesha hakuna njia, kipasha moto kimekatika. Lakini usipime kamwe waya wa alama kwa omu, sababu umeme wa multimetri unaweza kuharibu sondi.

Rudisha kiunganisho. Washa injini mpaka ipate moto vizuri, ishike mizunguko karibu 2500 kwa dakika. Weka multimetri kwenye volti 2 za betri, gusa waya wa alama kwa sindano nyuma ya kiunganisho, bila kuukata. Sondi nzima itacheza kutoka karibu 0,1 mpaka karibu 0,9, kwenda na kurudi mara nyingi katika sekunde 10.

Kama imelala chini, ongeza esansi kidogo kwa kuziba nusu ya mlango wa hewa. Volti zikipanda, sondi iko hai, na ugonjwa uko pengine: hewa inayoingia kwa tundu, pampu dhaifu, filtre chafu. Kama imelala juu, chomoa kidogo mpira mmoja mwembamba wa hewa nyuma ya kipepeo. Volti zikishuka, sondi iko hai, tafuta esansi inayozidi inatoka wapi. Kama inakaa pale pale, juu au chini, hata ukifanya hayo yote, au inasimama karibu 0,45 injini ikiwa moto, na waya ni nzima, hapo sondi imekufa. Inunuliwe. Tena ujue imekufa kwa nini: mafuta ya injini yanayoungua, maji ya radiateri yanayoingia ndani, au gundi ya silikoni. Bila kuondoa sababu, mpya nayo itakufa.

NENO LA MWISHO

Ndugu wasomaji, Nernst hakujua motokari ya namna hii. Alitengeneza taa, na taa ikashindwa sokoni. Aliandika kanuni akiwa kijana, na wanafunzi wa dunia nzima wameilalamikia tangu siku ile. Alitumikia vita, na vita ikamla watoto. Kati ya hayo yote, kilichobaki kinatumika bila jina lake katika mamilioni ya mabomba ya moshi.

Sisi tunaona somo moja. Fundi anayebahatisha anakula feza ya mwenye motokari, hata kama moyo wake ni mwema. Fundi anayejua kwa nini 0,1 na kwa nini 0,9 anaweza kumwambia mtu kwamba sondi yake ni nzima, aende na feza yake nyumbani. Wale wenzetu wanaouliza kila mara kanuni ya Nernst itatusaidia nini baada ya mtihani wa serikali, jibu ni hilo. Multimetri moja, sindano moja, na dakika chache za kungoja injini ipate moto.